Breki Zilizokuwa Nzima

Jumapili, 22 Juni 2025

Baba amepita juu ya kahawa ya jirani yetu Placidia. Imeanikwa kwenye turubai pembeni mwa njia, pale pale inapoanikwa kila mwaka — na yeye akaingia na magurudumu ya kushoto, mbele na nyuma, akaendelea mpaka nyumbani. Mimi na Mama tulikuwa tumepanda nyuma ya pikapu, tunatoka kanisani. Mama alinishika mkono tu.

Tulipofika Baba akasema breki zinachelewa kushika. Kahawa ameiona, amekanyaga, gari likakataa. Baba huyu, Mzee Rwegoshora, aliyeendesha lori la ushirika kabla mimi sijazaliwa! Tukaitikia wote wawili: breki, kweli, breki.

Hakukanyaga. Nilikuwa nimesimama, angekanyaga ningeyumba.

Jioni Placidia akaja. Nikajua leo tutasikia. Wala! Akasalimia, akapewa kahawa ya kutafuna, akacheka, akasema mzee amemsaidia kukoboa. Baba naye akacheka. Nilipomsindikiza akaniuliza kwa chini kama mzee anaona vizuri siku hizi. Nikamjibu ni breki. Akanitazama kidogo, akasema basi mzitengeneze mapema.

Jumatatu, 23 Juni

Jovin amepiga simu kutoka Mwanza. Kaka yangu huyu habari zinamfikia kabla ya basi! Anataka pikapu liuzwe chuma chakavu na Baba apelekwe kwa daktari wa macho. Kana kwamba Baba ni mkungu wa ndizi, unampakia tu. Nimeshamgusia Baba habari ya macho mara mbili. Mara ya kwanza alisema anaona mpaka milima ya Rwanda. Mara ya pili hakujibu, na siku hiyo hakula.

Humu ndani hakuna asiyejua. Mama hajahamisha kiti mwaka mzima. Kigoda kiko pale pale, viatu vya Baba viko pale pale, hata ndoo ya maji ina alama yake sakafuni. Lakini hakuna anayesema.

Akiba ya upasuaji wa macho ninayo kwenye kopo, ndiyo niliyorudi nayo ndoa iliponishinda. Siku Baba atakaposema ndiyo, twende. Kwa hiyo fundi hapana. Fundi akiligusa gari hili, macho ya Baba yamekwenda na maji. Nitatengeneza mwenyewe.

Jumatano, 25 Juni

Kiuno cha Baba hakiinami tena. Mimi ni mikono, yeye ni mdomo. Yeye kwenye kigoda, mimi chini ya gari juu ya majani makavu ya migomba, gogo la mgomba limezuia gurudumu. Ananitajia spana inayofuata kabla sijaiulizia. Hakosei hata moja. Raha ya kufanya kazi na Baba! Nilikuwa nimeisahau.

Nikafungua gurudumu la kwanza. Breki nzima. La pili, nzima. Hakuna kinachovuja, hakuna kilicholika. Nililala pale nikitazama chuma kizima.

Akauliza, "Zimeisha, sivyo?"

"Zimeisha kidogo, Tata."

Nikachukua msasa nikaanza kusugua kitu kisichotaka msasa, ili asikie nasugua. Mkono unaniuma mpaka sasa.

Jumamosi, 28 Juni

Leo Baba kaamua mafuta ya breki yamwagwe yote, ati ni machafu. Yalikuwa safi. Nikayamwaga.

Nikasema niende Kayanga kununua mengine. Akakataa. Ya nini kupoteza hela, yapo stoo, alinunua mwenyewe enzi zile. Stoo ya Baba! Chupa za kila aina, hakuna yenye karatasi ya jina — zamani alizitambua kwa kuzitupia jicho tu. Akachukua moja, akafungua, akachovya kidole, akanusa, akasugua na dole gumba.

"Haya hapa," akasema. "Unaona? Bado mazuri."

Niliona. Yalikuwa yanavutika. Niliyoyamwaga yalikuwa mepesi, haya yalishikamana na kidole chake. Nikafungua mdomo. Lakini alikuwa anatabasamu, amesimama katikati ya chupa zake kama zamani, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumsahihisha Rwegoshora habari za gari. Nianze mimi, niliyefundishwa naye? Nikajiambia huenda mafuta ya zamani ndivyo yalivyo. Nikamimina.

Kisha kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mimi chini, yeye kwenye usukani: kanyaga, shikilia, achia. Kanyaga, shikilia, achia. Huku ananisimulia habari za Karekezi, utingo wake wa miaka yote ile ya lori, sasa mgonjwa amelazwa. Waliapizana wawili hawa: atakayetangulia, mwenzake atamfikisha nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Karekezi ni Nyakatuntu, kule ng'ambo ya milima yote. Baba alisema gari sasa liko tayari kwa lolote. Akaimba kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia akiimba.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani na kurudi, salama. Polepole mno, baiskeli zinatupita. Placidia kahamishia kahawa yake nyuma ya nyumba, bila neno. Baba anasema, mnaona sasa, breki zimepona.

Mama amekubali kwa kichwa, kisha akakumbuka, akasema ndiyo kwa sauti.

Jumatatu, 7 Julai

Baba katoka kupeleka kahawa yetu chama cha msingi. Gari limeingia uani na harufu ya kuungua. Anasema leo lilikuwa zito, huenda ni mzigo. Mzigo gani, magunia yalishashushwa! Nilisubiri aingie ndani, nikagusa gurudumu la nyuma. Nimeungua kidole.

Jumanne, 8 Julai

Baba kaenda jumuiya. Nikafungua gurudumu peke yangu.

Raba za breki zimevimba. Laini, zimefura, kama uyoga wa baada ya mvua. Nilipobonyeza moja ikabaki na alama ya kucha. Zile zile zilizokuwa nzima wiki mbili zilizopita! Nikafunga, nikachukua raba moja ya zamani iliyokuwa stoo, ya kupimia saizi, na ile chupa, nikapanda bodaboda mpaka Kayanga kwa Hatibu wa spea. Ni Mwislamu wa pale mjini, mtu wa utani mwingi. Leo hakutania. Alichovya kidole kwenye chupa, hata hakunusa. Mafuta ya usukani, akasema. Yanakula raba za breki. Leo zimevimba zinang'ang'ania, kesho zitalegea, na mguu utazama mpaka chini bila kukuta kitu.

"Dada, gari hilo lisishuke mlima," akasema. "Nakuomba."

Raba zote zitolewe, magurudumu yote, mpaka pale juu kwenye pedali. Mabomba yasafishwe. Raba nyingine hana, zitatoka Mwanza wiki ijayo. Akanitajia bei. Ni kopo lote. Fundi niliyemkimbia asingechukua hata robo, na fundi asingekuta cha kutengeneza.

Njiani nimelia ndani ya kofia ngumu. Uzuri wa bodaboda, vumbi linakusingizia.

Jumatano, 9 Julai

Nilikusudia kumwambia leo. Nimeandaa maneno tangu alfajiri. "Tata, ile chupa." Ni hapo tu, yaliyobaki angeyajaza mwenyewe. Lakini nikisema ile chupa, nimesema macho. Na nikisema macho, nimesema kahawa ya Placidia, na kwamba breki zilikuwa nzima, na kwamba nilisugua msasa bure na yeye akisikiliza. Nimeanza na breki, sasa sijui pa kushukia.

Nikasema beringi. Beringi ya nyuma inalia, gari lipumzike mpaka wiki ijayo. Akaenda kuwasha, akazunguka nalo uani, akakanyaga breki. Zikashika. Mbele yangu zikashika vizuri kabisa! Akashuka, akasema amesikiliza, hakuna beringi inayolia, nami nijifunze kusikia.

Najua kulifungua gari hili lote. Kuliendesha hakuna aliyenifundisha.

Alhamisi, 10 Julai

Karekezi amefariki usiku.

Baba hakulia. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, akamwambia Mama atafute koti. Watoto wa Karekezi walimpigia yeye wa kwanza, kabla ya ndugu. Mwili uko hospitali. Kesho utachukuliwa, kesho mazishi, na gari ni la Baba, hakuna swali. Kijiji hiki hakuna aliyewahi kuwa na gari akakataa msiba. Jirani zetu nao wanataka kwenda kuzika, wameshaanza kuuliza tunaondoka saa ngapi. Placidia amekata mikungu miwili ya kupeleka kwenye matanga. Watapanda wote nyuma, na jeneza katikati yao.

Nikamwambia Baba, tukodi gari. Kwa msiba huu watu watachanga.

"Karekezi nimkodishie gari?" akaniuliza. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nikaenda nyuma ya shamba, nikampigia Hatibu. Nikamweleza yote, hata ya macho. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwa maneno, na si ndugu. Akasema atakuja na kenta yake, lakini ni kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nikasema watu wanataka kuondoka saa tatu asubuhi.  Kisha akasema, mcheleweshe.

Nichelewesheje? Nikichomoa waya wa betri ataugundua kwa kupapasa tu. Upepo kwenye tairi, hivyo hivyo. Hakuna nitakachofungua mimi asichoweza kukifunga yeye. Tairi, betri, vyote mkono wake unavijua.

Ufunguo unakaa kwenye msumari, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Haujawahi kukaa kwingine.

Ijumaa, 11 Julai

Niko chumbani, nimerudisha mlango. Ufunguo ninao.

Niliuchukua kabla hakujakucha. Nilidhani nimefikiri vizuri: ataukosa, tutautafuta wote, saa zitakwenda, kenta itafika, basi. Nilifikiri habari ya saa. Yeye sikumfikiria.

Sasa ni saa nne. Uani wamejaa, wamekaa kwenye viti vyetu na mikeka yao, ndizi zimeshapakiwa. Watoto wa Karekezi wamepiga simu mara tatu. Kenta bado kabisa, swala yenyewe bado.

Baba alivaa koti, akaenda kwenye msumari, akanyoosha mkono. Akaugusa msumari mtupu. Akaugusa tena. Nilimwona kwa upenyo wa mlango. Akapapasa picha, ukuta, sakafu chini yake. Akaenda kwenye mifuko ya suruali ya jana. Chini ya mto. Kwenye kikombe cha dawa. Akarudi kwenye msumari, kana kwamba ungekuwa umerudi. Mama anamfuata nyuma anainua vitu ambavyo hajaviinua mwaka mzima, na sura yake inaniambia anajua si Baba aliyeupoteza.

Akatoka mlangoni kuwaambia watu. Dirisha langu liko hapo hapo. Nikasikia Placidia akimwambia mzee asijisumbue, kila mtu anasahau. Wengine wakaitikia, kila mtu, kila mtu. Kwa upole ule ule wa siku ya turubai.

Baba akashika mwimo wa mlango. Kisha akasema, si kwa nguvu, lakini mbele ya wote:

"Macho nilijua. Nilijua siku nyingi, mkaninyamazia, nami nikanyamaza. Hili la akili sikulijua."

 

Nilitaka kuzuia asijue kwamba macho yamekwisha. Kumbe anajua. Na sasa nimempa kingine kisicho chake. Akili yake ni nzima! Mimi ndiye niliyekwenda kuifungua, kama breki zile.

Nikitoka na ufunguo, ataendesha. Hata nikisema ile chupa, hata nikisema mafuta ya usukani — mbele ya watu wote hawa, Karekezi akimngoja — ataingia, atakanyaga, zitashika, atasema mnaona. Zitashika hapa uani. Kule kwenye mteremko, na Placidia nyuma, na jeneza, sijui.

Nikikaa humu, mpaka swala iishe, atakuwa ameshaamini kabisa kwamba akili imemwondoka.

Mama amesukuma mlango. Ametazama mkono wangu, daftari, mkono wangu.  Amerudisha mlango taratibu, na sijui ni kunificha au ni kuniachia mwenyewe.

Baba ananiita. "Deodatha, njoo unisaidie kutafuta. Wewe una macho."

Sijaitika. Ufunguo umelowa jasho.

Anakuja mwenyewe. Viti vimetolewa vyote nje kwa ajili ya watu, njia yake si ile anayoijua. Nasikia kiganja chake kikipapasa ukuta, kinakuja upande huu.