Amri Niliyoikataa Kikuubo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha mipira ya maji, nimeianika, nimeianua, nimeianika tena. Mvua haijui inataka nini. Ndiyo kazi yangu tangu Afande, mkuu wa kambi yetu, anitoe kwenye gari la kuzimia moto. Sajini mzima wa zimamoto, nalinda mipira isiloe. Wenzangu wakitoka na king'ora, mimi nabaki nafagia uwanja wa kambi.

Shitaka: kukaidi amri halali kwenye moto wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Siku ya kesi haijulikani. Nisitoke Kampala bila ruhusa.

Mama amesema marehemu baba aliivaa sare hii mpaka kaburini bila kubishana na mkubwa hata siku moja. Alidhani ananituliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtembelea Waiswa hospitali. Konstebo wangu, mwimbaji wa besi kanisani. Sauti imebaki mkwaruzo. Akicheka anakohoa, kwa hiyo nimejizuia kumchekesha.

Niandike ilivyokuwa, kabla hawajanichanganya. Stoo ya vyombo vya plastiki ilikuwa inawaka. Watu wote walikuwa wameshatoka. Tuliingia. Mtungi wa hewa wa Waiswa ukakata hewa akiwa ndani kabisa. Nilimvuta kwa mkanda mpaka nje. Afande akaamuru turudi kuokoa mali. Nikakataa. Nikasema mitungi yetu mibovu, tulishasema mara nyingi, hakuna wa kwangu anayerudi mle.

Kikosi kingine kilifika, kikaingia, kikatoka salama. Hilo ndilo watakalonishitakia.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimezungumza na Mutiso, Mkenya tunayesali naye. Yeye ni msimamizi kwenye kiwanda cha magodoro na anatafuta mtu wa kusimamia usalama wa moto. Nafasi ni yangu nikiitaka. Hakuelewa kwa nini siandiki tu kwamba naacha kazi.

Hapa Uganda sisi zimamoto ni polisi. Kwetu kuacha kazi ni kuomba. Niliomba. Jibu: mwenye kesi haachiwi. Nikiondoka hivihivi mimi ni mtoro, na watakaonikamata ni hawahawa ninaokula nao maharage.

Naitaka hiyo kazi mpaka naona aibu.

Jumatano, 12 Machi

Kamwokya, kwa wakili Birungi. Ofisi yake iko juu ya studio ya muziki. Ilibidi niiname mezani nimsikie. Ni mama mpole, hapambi maneno. Mfanyakazi wa kiwandani, amesema, akiona hatari ana chama cha kumsemea. Polisi sheria inamkataza chama, inamkataza mgomo. Anatii kwanza, analalamika baadaye. Nikauliza, je, kama baadaye ameshakufa? Akavua miwani. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, nami nikaliulize mbele ya mahakama ya nidhamu.

Majaji wa mahakama hiyo ni maafisa wa polisi tupu. Wote walipandishwa vyeo kwa kutii.

Ijumaa, 14 Machi

Afande ameniita ofisini. Amenipa kiti. Nikajua kuna kitu.

"Wewe sema tu ndiyo, nilikosa. Karipio moja, kesi imekwisha. Ombi lako la kuacha nitalipitisha mimi mwenyewe."

"Na Waiswa, Afande?"

"Waiswa alivaa mtungi vibaya. Mitungi ilikuwa mizima."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeniombea heri. Maana yake nikikubali, Waiswa alijiumiza kwa uzembe. Hakuumia kazini. Matibabu juu yake.

Nimepiga saluti nikatoka.

Jumamosi, 15 Machi

Nataka kukubali.

Jumatatu, 17 Machi

Waiswa ameruhusiwa kurudi kwake Kalerwe. Nimemkuta na mkewe, Nakato, wanamenya matooke, ndizi za kupika. Nimewaambia yote. Nilitumaini watakasirika, wanikataze, nipate nguvu kwao.

Waiswa akaweka kisu chini. "Sajini, kubali. Mmoja wetu atoke."

Nakato aliendelea kumenya, maganda manene kupita kiasi, nusu ya ndizi inaenda nayo.

Na mama naye anasema kubali. Nikifukuzwa, nyumba ya bati ya kambi inaondoka na kazi, na yeye hana pengine pa kuishi. Wote wamenifungulia mlango. Mbona siwezi kupita?

Alhamisi, 20 Machi

Mahakama ya nidhamu. Maafisa watatu, feni haizunguki. Birungi nyuma yangu. Mwenyekiti akaniuliza nakubali au nakataa. Nilikuwa nimelala na neno "nakubali", nimeamka nalo, nimelivalia buti.

Nikasema nakataa.

Afande akatazama dirishani. Nikaeleza mtungi ulivyokata hewa. Nikasema: "Konstebo Waiswa alitii mpaka pumzi ikaisha. Aliyekataa ni mimi. Adhabu ni yangu, si yake."

Birungi akamwita dereva wetu. Nilijua ameonywa anyamaze. Akasimama, akakuna shingo, akasema wazi kwamba mitungi ilikuwa mibovu kabla ya moto, na kwamba Afande aliambiwa, yeye dereva akiwepo. Hakunitazama alipopita. Nadhani anaogopa zaidi yangu.

Jumanne, 25 Machi

Hukumu. Nina hatia: amri ni amri. Nimeshushwa cheo, konstebo tena. Mitungi wamekiri ilikuwa na kasoro. Waiswa ameandikwa kuwa aliumia kazini, atatibiwa. Nakato alipiga simu, akasema asante, akakata.

Ombi langu la kuacha kazi limekataliwa. Nimalize adhabu kwanza. Birungi anasema tukate rufaa. Nimemwambia sawa. Mutiso ameajiri mtu mwingine, na amenieleza kwa heshima.

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu asubuhi. Bati linapiga kelele, hatukuweza kuongea, kumbe ni afadhali. Mama amechukua shati langu la kazi na wembe, ameketi karibu na mlango kwenye mwanga. Ametoa tepe za usajini, uzi mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa. Pale zilipokuwa, rangi ya shati haijapauka hata kidogo. Ameipapasa kwa kidole gumba, kisha amelipiga shati pasi, amelitundika.

Kesho narudi kwenye gari, nikiwa konstebo. Shati nimelijaribu, ni lilelile. Sasa linabana kwapani.