Ndiyo Ambayo Sikuisema

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Garissa jua bado kali, upepo hakuna, naandika haya dirishani.

Kazi yangu ni ukalimani, wodi ya upasuaji. Wagonjwa wengi wanaletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera, kila mmoja na lugha yake, na kabla ya kisu lazima nisikie ndiyo kwa mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Msomali husema haa. Mworomo, eeyyee. Mzee wa Sudan, aiwa. Leo mama mmoja wa Ethiopia alivuta pumzi kwa ghafla, daktari mgeni akadhani kifua kimembana. Nikamwambia atulie, kwao hiyo pumzi ndiyo “ndiyo”. Tukacheka sana.

Lakini mgonjwa akiinama akanyamaza, siandiki kitu. Namuuliza tena na tena, mpaka madaktari wananitania kwa ukali wangu.

Jana nilinyamaza mimi.

Aabo, baba yangu, aliniita baada ya Alasiri. Mfanyabiashara wa ngamia kutoka Kutulo ameleta posa. Ana dini, ana heshima, sina baya la kumsema. Aabo akaniuliza kama namkubali. Nikatazama mkeka. Na kwetu binti akiulizwa hivyo akanyamaza, basi amekubali, ni haya tu zimemzuia. Aabo akasema alhamdulillahi, akatoka kuwapigia simu wazee.

Simtaki!

Sitaki kuhamia Kutulo, sitaki kuiacha wodi yangu. Nilinyamaza kwa woga, si kwa haya. Mkali wa wodi nzima, nyumbani nikawa bubu.

Wazee wanakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama anachambua mchele wa wageni huku anaimba. Aabo alikuwa kwenye mkeka wake uani, anakunywa chai. Nikamwendea. Sikukaa, maana ningekaa ningenyamaza tena.

“Aabo, maya,” nikasema. Hapana. “Jana sikukubali, niliogopa. Yule mtu simtaki. Nisamehe.”

Mama akaacha kuimba. Aabo akaweka kikombe chini, akanitazama. Nilisubiri kufokewa. Hakufoka. Nikajikaza nikamuuliza na lile la mwisho.

“Utawapigia wazee wasije?”

Akatazama mkeka.

Hiyo ilikuwa nusu saa iliyopita. Namwona kutoka hapa dirishani, bado hajasema neno, na chai imepoa.

Angekuwa mgonjwa wangu ningemuuliza tena. Lakini hapa ni nyumbani kwake, na nyumbani kwake anayeulizwa akanyamaza amekubali.

Nimetoka sasa hivi, nimechukua simu yake chumbani, nimeiweka kando ya kikombe.