Si Kisu cha Mzee Jafari

Mkunya,
S.L.P. 31,
Newala.
17 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Nurdini,

Assalaam aleikum. Hujambo, na wifi yangu Zuhra, na watoto? Huko Morogoro mvua zimeanza? Nasikia kiwanda chenu kimeuzwa. Tajiri mpya amekubakiza, au ndiyo unahangaika? Sisi ni wazima wa mwili tu.

Barua yako imefika. Umeandika kwamba ukija, Mzee Jafari hatalala kwake. Nurdini, halali kwake tayari. Vijana walimchomea nyumba siku ya pili ya msiba, kwa kuwa alimkata baba kimeo Ijumaa, na Jumapili baba akatapika damu. Sasa amejibanza Lulindi kwa mkwewe, mkono umevunjika.

Nisikilize. Baba hakuuawa na kisu.

Sauti ilimkauka tangu mwezi wa saba, adhana yake haifiki hata kisimani. Tukasema ni vumbi la salfa, si tulikuwa tunapuliza mikorosho? Mwezi wa tisa ugali ukawa haupiti, anakunywa uji tu. Nikasema ni kimeo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mzee Jafari, nikamshika baba kichwa.

Damu ya kwanza ilijaza nusu beseni, kisha ikakoma. Lori la wanunuzi wa korosho likatufikisha hospitali ya Ndanda. Daktari akampiga picha ya kifua, akaniita pembeni. Mshipa mkubwa utokao moyoni ulikuwa umevimba siku nyingi. Umebana neva ya sauti, umebana njia ya chakula, na sasa umetobokea humo humo kwenye njia ya chakula. Alisema ni jambo la nadra sana, kwamba damu itarudi kwa nguvu, na hawana la kufanya. Jumanne mchana ikarudi. Yalaa, usiombe kuona.

Msibani walipomtaja Jafari, yote haya nilikuwa nayajua. Nikanyamaza. Ningesema ni ugonjwa wa miezi, wangeniuliza mbona sikumpeleka hospitali mapema. Ningejibu nini? Kwamba nilitaka mikorosho iishe kupulizwa kwanza?

Nyumba ya mzee wa watu ikaungua naitazama, nikanyamaza tena.

Sijamwambia mtu ila wewe. Ukija, pita kwanza Lulindi ukamwombe radhi, halafu hasira yako uilete kwangu.

Shangazi Sophia hapo kwenu mpe shikamoo yangu, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Mungu amrehemu baba, akulinde na wewe.

Dada yako akupendaye, kama bado unanitaka,
Mwanakombo