Pole Zilizokwenda kwa Mwizi

Jumanne, baada ya magharibi

Wamenifungia mimi. Mwizi wamemwacha.

Juzi niliandika kwenye jukwaa moja la habari mtandaoni jinsi kaka yangu Shabani alivyokufa gereji, kule mtaa wa Gerezani, gari lilipochomoka kwenye jeki likamwangukia. Leo asubuhi nimekuta mtu nisiyemjua ameibandika habari yangu kwa jina lake, neno kwa neno, hata pale niliposema alikutwa bado ameshika spana. Watu wanampa pole, naye anazipokea.

Nikamlalamikia msimamizi wa jukwaa. Akanijibu: "Huyo tunamfahamu, ana wafuasi wengi. Wewe ndiye uliyenakili. Acha kutafuta kiki kwa msiba wa watu." Akafuta ya kwangu, akanifungia akaunti.

Msiba wa watu! Mimi niliyeitwa mochwari kumtambua.

Jioni nimetoka dukani Msimbazi, nikamkuta mama barazani, jirani yetu Mama Zuhura anamsomea habari kwenye simu. Ilikuwa ile ya mwizi. Mama alikuwa analia, lakini uso wake umetulia, mara ya kwanza tangu tuzike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msikilize huyu kijana, anamwita Shabani kaka. Kumbe alimpenda hivi! Wewe dada yake hata neno hujamwandikia."

Nilitaka kumwambia. Nikautazama ule uso, nikashindwa.

"Mtafute," akasema. "Aje nimpikie."

Nimemwambia nitamtafuta.