Kabla Sijaungua Banini

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama bado basi irudishe. Mimi ni Ponsian, mkulima wa tumbaku hapa Inyonga, tumbo kubwa, akili ya kutosha matumizi ya nyumbani. Mwezi uliopita niliungua mguu nikichochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na sasa kila mtu ana maelezo yake, shemeji anasema nimerogwa, jirani anasema nilikuwa nimelewa, na mimi nacheka nao tu, lakini ukweli ni kwamba tangu mvua zianze usingizi umenikimbia, chakula hakina ladha, nikawa naomba kuchochea moto wa mabani ya wenzangu pia, wakanisifu, "Ponsian mchapakazi kweli!", kumbe nakikwepa kitanda. Siku ile cheche iliposhika suruali niliitazama tu kama suruali ya mtu mwingine, mpaka mke wangu Theopista akanimwagia ndoo ya maji. Nesi Lidia, anayenifunga kidonda, aliniuliza nilikuwaje kabla ya kuungua, nikamjibu, "Nilikuwa kijana mzuri, sista." Akacheka, yakaishia hapo. Kidonda kinapona, wenzangu wananiita bani, na ile hali iko palepale. Nimwambie, au nitaonekana kichaa?

Jibu

Ponsian, shikamoo nimeipokea, maana hata kwa tumbo nimekuzidi. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye suruali.

Wewe bwana! Nesi anakuuliza jambo la maana, unampa kichekesho. Hakuuliza kwa umbea. Mtu asiyelala, asiyekula, asiyejali moto mwilini mwake, alikuwa mgonjwa kabla ya kuungua. Ukitibiwa mguu peke yake umetibiwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuunguza. Huo si ukichaa, ni ugonjwa, tena unatibika. Shemeji mwache na uchawi wake, yeye miguu yote mizima.

Leo hii mweleze Theopista kama ulivyoniandikia mimi, bila utani. Aliyekumwagia maji ana haki ya kujua alikuwa anazima nini. Siku ya kufunga kidonda nendeni pamoja, umwambie Lidia yote, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili kule Mpanda. Yakikujia mawazo ya kutaka kufa, usisubiri siku hiyo: nenda hospitali mara moja, na usikae peke yako.

Moto wa bani, msimu huu hapana. Wenzako watakuita mvivu. Itika, kisha rudi nyumbani ukale.