Robota Mia Mbili Uriri, Ng'ombe Wawili Asumbi

Uriri, Februari 1997

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye huombwa, maana kutoka Migori mpaka Homa Bay bei ya nyasi kavu haipandi wala kushuka kabla mimi Dishon sijakohoa, madereva wa malori husimama kuniuliza, na lile darasa la tano nililoachia shule lilinitosha kabisa. Sasa mvua za vuli zimetukataa, ng'ombe wanalamba vumbi, robota la nyasi lililokuwa shilingi hamsini Septemba leo ni mia na ishirini pale Homa Bay, na mimi kwa macho yangu ya mbali nilishaweka robota mia mbili ghalani. Shida ni mpwa wangu Phelesia, binti ya dada yangu, mjane wa Asumbi mwenye ng'ombe wawili wa gredi ambao maziwa yao ndiyo yanasomesha watoto, maana Septemba alitaka kununua nyasi kwa watu nikamwambia, "Utanunuaje kwa watu na mjomba yuko hai? Nitakuletea kwa hiyo hamsini." Mpaka leo sijapeleka, kwa sababu Maroa, mchuuzi kutoka Kuria, amekuja na lori anataka zote kwa mia na kumi kila moja bila hata kufungua robota moja, eti jina langu linatosha, na jana Phelesia alifika mwenyewe, chai akakataa, akasema, "Mjomba, ng'ombe mmoja hawezi kuinuka. Unaniletea nyasi ama unaniletea hadithi?" Nimekata shauri, Ijumaa mmoja lazima apate, niambie tu yupi. Ila kuna kitu kidogo, mke wangu Leonida aliniambia nikate Juni nyasi ikitoa maua, nikamjibu mwanamke hajui soko, nikangoja irefuke kama ya kuezeka nyumba ndio robota ziwe nyingi, na juzi nilimpa ng'ombe wangu, akanusa, akageuka akaanza kutafuna kamba.

JIBU

Mzee Dishon, pole kwa ukame, na pole yangu inaishia hapo. Unauliza umpe nani nyasi, na nyasi ya ng'ombe huna. Una mapaa ya nyumba mia mbili. Maroa akinunua, atarudi na lori hilohilo, na jina lako Kuria litakuwa limekwisha. Phelesia naye hakuumizwa na jua peke yake: Septemba alikuwa na pesa mkononi, wewe ukamzuia.

Kwa hivyo kesho asubuhi fungua robota moja mbele ya Maroa, mwambie hii ni ya kuezeka na ya kulalia mifugo, achukue kwa bei ya nyasi ya kuezeka ama aache. Kisha nenda Awendo wanakokata miwa, utafute vilele vya miwa vya kulisha ng'ombe na mtungi wa molasi, ile asali nyeusi ya kiwanda cha sukari. Yule ng'ombe wa Phelesia aliyelala aitiwe daktari wa mifugo leo, asingoje Ijumaa. Nyasi yako ikikatwa vipande vidogo na kunyunyiziwa molasi yenye maji itajaza tumbo, lakini maziwa haileti, kwa hivyo nunua robota ishirini nzuri Homa Bay kwa mia na ishirini, umpe mpwa wako kwa hamsini uliyotamka. Hiyo sabini inayobaki kwa kila robota ni hasara yako, hata ukiuza ndama. Umwombe Leonida msamaha kabla hujatoka nyumbani. Ukifika Asumbi usitume mtu akusemee. Mwambie Phelesia kwamba ulikata vibaya, kisha shika panga uanze kukatakata vilele.

Mama Nyaboke