Nilimwambia Mke Wangu Mipira ya Theluji Nimeshaiweka

Bi Suad,

Assalaam alaykum. Nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana jambo hili sijamwambia ndugu wala rafiki, na msikitini nikisimama safu moja na watu naona kama kila mmoja analijua. Mimi ni mtu wa Pemba, jina langu Soud, nimekaa London miaka thelathini na mbili, na mke wangu ni Time. Watoto wameshakua wakaondoka, tumebaki wawili hapa Southall. Time alikuwa akifanya kazi ya kuwaangalia wazee majumbani mwao, anawapikia, anawakogesha, anawakumbusha dawa, na wengi wao walikuwa upande wa Stanmore, penye vilima, kwa hiyo bila ya gari kazi ile haiwezekani.

Mwisho wa Novemba ilipoanguka theluji ya kwanza gari lake liliteleza penye kona. Halikugonga kitu, lakini aliporudi akaniambia, "Soud, nataka mipira ya theluji. Wenzangu kazini wameshabadilisha matairi yao." Mimi nikacheka, nikamwambia London si Urusi, theluji ya hapa inaanguka siku mbili ikayayuka, na mimi nimeendesha gari humu tokea kijana sijapata kuihitaji mipira hiyo. Akanijibu, "Wewe unaendesha kwenda dukani. Mimi nina watu wananisubiri." Nikaona haya, nikamwambia basi, nitakwenda kuiweka.

Siku yake ya mapumziko nikalichukua gari mpaka gereji ya Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu ambaye tunazungumza naye Kiswahili. Akanieleza vizuri, akasema, "Bwana Soud, watu wanafikiri hii ni ya theluji pekee. Baridi ikishuka chini ya digrii saba, mpira wako wa kawaida unakuwa mgumu, haushiki barabara. Hii ni laini, inashika." Nikamuuliza kama ni lazima. Akasema, "Sheria haikulazimishi. Lakini mama anapanda vilima kila siku. Mwekee." Sasa mbele yangu kulikuwa na magari saba au manane, watu wote siku ile walikuwa wamekumbuka mipira, nikakaa nusu saa miguu ikaniingia ganzi kwa baridi, nikaona upuuzi, nikasema nitarudi Jumatatu watu wakipungua, nikaondoka. Nilipofika nyumbani Time yuko jikoni, akaniuliza bila ya kugeuka, "Umeshaiweka?" Nikasema, "Nimeshaiweka."

Wallahi sikupanga kusema vile, neno lilitoka lenyewe, sikutaka maneno tu, na nilijua kwamba kwa Time mpira ni mpira, hatainama kuutazama. Jumatatu sikwenda. Theluji ilikuwa imeshayayuka, na wiki iliyofuata nikasahau kabisa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ikaanza kuanguka tena, nzito, na kabla ya adhuhuri mtaa wetu mzima ulikuwa mweupe. Time alikuwa na zamu ya mchana. Msimamizi wake akapiga simu, na kwa kuwa Time alikuwa akivaa viatu aliiweka kwenye spika, nami nimekaa pale pale kwenye kochi, nasikia kila neno. Yule msimamizi akasema asiyeweza kufika aseme tu bila ya wasiwasi, watampigia jirani wa mzee aingie kumtazama. Time akamjibu, "Mimi nitakwenda. Gari langu limewekwa mipira ya theluji." Alipofika mlangoni nikamwambia, "Endesha polepole." Basi.

Gari lilishindwa kupanda kilima cha Stanmore, likarudi kinyumenyume, likazunguka, likapiga ukuta upande wake. Alivunjika mfupa wa bega na kifundo cha mkono, simu ikaangukia chini ya kiti asipofikia. Mpita njia mmoja akaita ambulensi, ikachukua saa nzima kufika kwa hali ya barabara, na saa nzima hiyo Time kwa maumivu Kiingereza kilimtoka, akawa anasema kwa Kiswahili tu, Bi Champa ananisubiri, Bi Champa ananisubiri, na yule mtu hakuweza kumfahamu.

Bi Champa alikuwa bibi wa Kihindi aliyeishi peke yake, mzaliwa wa Unguja, aliondoka mwaka wa Mapinduzi na watoto mkononi. Wakizungumza na Time Kiunguja kitupu, na Time akimpikia muhogo wa nazi kila Alkhamisi. Siku ile alisubiri chakula chake, alipoona saa imepita akafungua mlango kuangalia kama gari linakuja, akateleza kwenye ngazi ya mbele, nyonga ikavunjika. Alilala kwenye theluji mpaka jirani alipomwona. Hospitali kifua kikamshika, na haikutimia wiki tatu akafariki.

Tokea siku hiyo Time anasema amemuua. Kazi ameacha, usukani hataki hata kuutazama, chakula anakionja tu. Kazini kwake wamemtaka aandike ripoti, akaandika kwamba gari lilikuwa na mipira ya theluji na kosa ni la uendeshaji wake, na mwezi ujao ameitwa kikaoni kuelezea. Kisha akaja Chandrakant, mtoto wa Bi Champa, akatoka Leicester makusudi kuja kumpa pole. Akamwambia, "Mama alikupenda sana. Hakuna wa kulaumiwa, ni theluji." Time akamjibu, "Theluji haina kosa. Mume wangu aliniwekea mipira mizuri. Ni mimi nisiyejua kuendesha." Chandrakant akanigeukia, akasema, "Wewe angalau ulitimiza wajibu wako, kaka." Na mimi nikamwongezea chai.

Sasa nakuuliza, nimwambie, au kumwambia ni kumuongezea msiba juu ya msiba, maana aliyekufa harudi? Na unambie ukweli mama, hivi mipira ile ina faida yoyote London hii? Ingemsaidia kweli?

Soud, Southall


JIBU

Soud,

Barua yako nimeikalia wiki tatu. Jamaa zetu London ni wachache, na nisingekubali mkeo ajisome gazetini kabla hujamwambia kwa mdomo wako. Siku ile ile ilipofika nilikupigia simu, ukaniambia utamwambia Ijumaa. Nikakwambia Jumatatu yako naijua, sitaki kuijua na Ijumaa yako, mwambie leo kabla ya magharibi. Nashukuru ulinisikia. Majina yote hapa nimeyabadilisha, na Time mwenyewe ameniruhusu nichape.

Wasomaji wajue yaliyotokea. Time hakulia wala hakupaza sauti. Alikuuliza swali moja: "Chandrakant alipokuwa hapa, ulinisikia nilivyosema?" Ukajibu ulimsikia. Akafunga nguo zake kwa mkono mmoja, ukataka kumsaidia akakukataza, akenda kwa dada yake Ilford, na mpaka leo yuko huko. Na sasa unanipigia mimi simu nikusaidie arudi.

Kwanza nitakujibu la mipira, maana umelishika kama ngao. Mtu anayekaa London, anayepita barabara kubwa zilizomwagwa chumvi ya kuyayusha barafu, ambaye siku mbaya anaweza kubaki nyumbani au kupanda treni, huyo anaweza kuishi bila ya mipira ya baridi, alimradi ile aliyonayo haijalika na anajua kukaa mbali na gari la mbele. Lakini anayetoka alfajiri, anayepanda vilima na vichochoro ambavyo gari la chumvi halifiki, na ambaye kuna mtu mlangoni anamsubiri, huyo aiweke, na aiweke yote minne, si miwili, kuanzia Novemba mpaka baridi iondoke. Asiyetaka usumbufu wa kubadilisha kila msimu, kuna mipira ya mwaka mzima, amuulize fundi wake. Na hata akishaiweka asijione bingwa. Mpira mzuri hupunguza kuteleza, hauondoi, na kuna kilima chenye barafu ambacho hakipandwi kwa mpira wowote. Balwinder alikwambia hayo karibu yote, bure, ukiwa umesimama gerejini kwake.

Ingemsaidia Time? Huenda gari lingepanda, huenda lisingepanda. Hulijui wewe wala silijui mimi, na acha kulitafuta, kwa sababu unalitafuta ili upate pa kupumzika. Tunalolijua ni hili: angekuwa na habari kwamba gari lake ni lile lile la Novemba, angemwambia msimamizi hawezi, jirani angeingia kwa Bi Champa, na yeye angebaki nyumbani kwake. Gari bovu mtu hulijua, akaliogopa. Ulimtoa khofu yake iliyokuwa ikimlinda, kisha ukakaa kwenye kochi ukamtazama anatoka.

Sikuiti muuaji, Soud. Kuchoka kwenye foleni na kusema nimeshafanya, hakuna asiyewahi, na mimi nimewahi. Najua pia kwamba wiki zile hukulala vizuri. Mtu asiyejuta haandiki barua kama yako. Lakini nimezungumza na mkeo, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyasema. "Bi Suad, ajali ni ya Mungu, na kifo cha Bi Champa ni cha Mungu. Hata kule gereji namsamehe, baridi ilikuwa kali. Lakini nilikuwa nikikaa kitako kitandani namwambia, Soud, mimi nimeua mtu, na yeye ananishika mkono ananiambia usijilaumu. Ule mkono ndio siwezi kuusahau." Nilimuuliza kama atarudi kwako. Akasema hajui, na nisimuulize tena.

Kwa hiyo wewe pia usimuulize. Usimtumie shemeji, usimtumie imamu, usiwatumie watoto. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni shetani. Shetani hakuwepo gerejini, ulikuwepo wewe. Mahitaji yake mpelekee mpaka kwa dada yake, yaache mlangoni, ondoka. Dawa zake za mfupa na tarehe za hospitali unazijua, hakikisha ana mtu wa kumpeleka, na mtu huyo asiwe wewe mpaka akuite mwenyewe.

Kabla ya kile kikao andika barua kwa kazini kwake, kwa mkono wako, useme kwamba mipira haikuwekwa, kwamba ulimdanganya mkeo, na kwamba ulisikia ile simu ya msimamizi. Balwinder anaweza kuthibitisha kwamba ulifika ukaondoka. Ripoti ile Time aliiandika kwa kukuamini wewe, na mtu asiadhibiwe kwa kumuamini mumewe. Ukiogopa watu watakusema, watakusema kweli, na utawazoea.

Kisha Chandrakant. Mtu yule alipanda gari kutoka Leicester katika siku za msiba wa mama yake kuja kumliwaza mkeo, akakusifu, ukapokea. Panda treni uende kwake wewe peke yako, wiki hii. Usimpigie simu ukamweleza kwa simu, na usimchukue Time awe ngao yako mara ya pili. Mweleze kuanzia gerejini mpaka kwenye kikombe cha chai, usiruke pahala, usijitetee kwa hali ya hewa. Huendi kutaka msamaha. Huo ni wake, akitaka atautoa, na asipotaka ana haki. Unakwenda kumrudishia ukweli wa namna mama yake alivyokufa, kwa sababu ni wake na unao wewe.

Akikufukuza, toka urudi zako Southall. Na ukifika nyumbani usimpigie Time kumweleza namna ulivyofukuzwa.

Bi Suad